Mwongozo kamili: unapenda mbao nzuri, sasa zianze kukulipa

Kuna watu hawawezi kupita karibu na meza nzuri bila kupitisha kidole. Wananusa ubao uliotoka kupigwa randa, wakikuta kipande cha mpingo kimetupwa nje ya karakana wanakibeba hadi nyumbani hata hawajui watakifanyia nini. Kama na wewe uko hivyo basi tuko kundi moja, na haya nakuandikia wewe hasa, maana yule anayetafuta biashara yoyote ilimradi hela iingie atachoka kwenye msasa tu.

Nianze na kitu kilichonichukua miaka kukielewa: hayo mapenzi ya mbao ndio mtaji wako na hayo hayo ndio yanaweza kukufilisi. Yanakusaidia kwa sababu jicho lako linaona nyuzi, rangi na mchirizi ambao mteja haoni mpaka umuoneshe. Yanakumaliza kwa sababu unanunua mbao kuliko unavyouza, unaogopa kukata ubao mzuri, na masaa uliyofanya kazi huyahesabu kwa sababu "si nilikuwa nafurahia". Mimi nilikaa na ubao mmoja wa mninga chini ya kitanda miaka 4 nikisubiri wazo linaloustahili, siku naamua kuutoa nakuta umebunguliwa upande mzima, unga unamwagika tu. Kwa hiyo humu ndani nitarudi rudi sana kwenye daftari na kalamu, vumilia.

HATUA YA 1: Ijue tabia ya mbao

Mafundi wanasema mbao inacheza. Usipoelewa inachezaje utauza vitu vitakavyopasukia sebuleni kwa mteja.

Maji yaliyoko ndani ya mti yako ya namna mbili, kuna yaliyojaa kwenye matundu ya nyuzi na kuna yaliyonyonywa na kuta zenyewe za nyuzi. Yale ya kwanza yakitoka ubao unapungua uzito tu, haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 28 au 30 hivi ndio yanaanza kutoka yale ya kwenye kuta, na hapo ndio ubao unaanza kusinyaa, kupinda, kupasuka. Halafu hausinyai sawa pande zote: kwa kufuata mzunguko wa gogo unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda kwenye gome, na kwa urefu ni kama hakuna kitu. Ndio maana ukikata kisahani kizima cha gogo bichi ukakiacha kikauke lazima kipige ufa kutoka katikati mpaka ukingoni, hakina namna nyingine.

Nilishatengeneza kasha la zawadi, pande nne za msaji, kwa chini nikagundisha ubao mmoja mpana, gundi pande zote nne, likakaa imara najisifu mwenyewe. Baada ya kama miezi miwili mteja kanirudishia limepasuka chini katikati utadhani limepigwa panga. Hakuna aliyelidondosha. Ule ubao wa chini ulitaka kusinyaa, gundi ikaukatalia, ukachagua kupasuka. Ubao wa upana wa sentimita 30 ukitoka kwenye unyevu wa asilimia 12 ukashuka hadi 8 unaweza kupungua milimita 2 au 3, na hizo milimita huwezi kuzizuia kwa gundi wala skrubu, unachoweza ni kuziachia nafasi. Siku hizi chini ya kasha nachimba mfereji kwenye pande zote, ubao unaingia humo bila gundi na naacha upenyo kidogo ucheze unavyotaka.

Kukausha sasa. Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene kama unakausha kwa hewa, ni makadirio tu, mbao nyepesi zinawahi na nzito zinachelewa. Zipange kivulini penye upepo, zisilalie ardhi, kati ya ubao na ubao weka vijiti vya unene mmoja (sentimita 2 inatosha) na vijiti vya juu vikae usawa wa vya chini, la sivyo mbao zitakauka zikiwa na mawimbi. Juu weka kitu kizito. Na vile vichwa vya mbao vipake rangi nzito au nta siku ile ile ya kupasua, kwa sababu maji yanakimbilia kutoka kwenye vichwa kuliko ubavuni, na nyufa zinaanzia hapo hapo.

Kwa vitu vitakavyokaa ndani ya nyumba unataka unyevu wa asilimia 8 mpaka 12. Kipima unyevu ni kifaa kizuri lakini kama huna bado, chukua mizani ndogo, pima kipande kila wiki uandike, uzito ukiacha kushuka ujue kimeshatulia na hewa ya pale kilipo. Ukitaka namba kamili kata kipande kidogo, kipime, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi hivi mpaka uzito usibadilike tena. Chukua tofauti ya uzito, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Mfano kilikuwa gramu 126 kikawa 112, tofauti 14, gawanya kwa 112, ni asilimia 12.5. Kazi ya siku moja na hujanunua chochote.

HATUA YA 2: Tafuta mbao bila kumaliza akiba

Usianze kwa kununua mbao nzima nzima. Vitu vidogo vinataka vipande vidogo, na vipande vidogo ndio takataka ya mwenzako. Karakana za fenicha na za milango zinachoma au zinatupa vipande vya urefu wa mkono kila siku, nenda uongee nao vizuri, beba gunia, rudi kila wiki siku ile ile mpaka wakuzoee. Fenicha za zamani zilizovunjika nazo ni hazina, mguu wa kitanda cha zamani unaweza kuwa mti ambao siku hizi huupati kirahisi, na umeshakauka miaka 30. Angalizo: pitisha sumaku kabla ya msumeno, msumari mmoja uliozama unakuharibia meno ya msumeno mzima.

Paleti, vile vichanja vya mbao vya kubebea mizigo, watu wanazipenda kwa sababu ni za bure. Angalia muhuri. Herufi HT maana yake ilitibiwa kwa joto, hiyo sawa. MB maana yake ilipigwa dawa ya methyl bromide, achana nayo kabisa, na isiyo na muhuri wowote huwezi kujua imebeba nini, usiifanyie kitu cha kugusa chakula.

Kwenye mpingo watu wanapigwa sana. Kuna mbao nyepesi inapakwa rangi nyeusi ya viatu inang'arishwa inauzwa kama mpingo. Kwangua upande wa chini kwa kisu, rangi ikitoka ukaona weupe umeshajua. Halafu uzito: mpingo ni zaidi ya kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, mara nyingi unakaribia 1,200, kwa hiyo kipande cha kweli ukikitumbukiza kwenye ndoo ya maji kinazama.

Na hapa lazima tuongee makaratasi japo yanachosha. Mpingo ni jamii ya Dalbergia, na toka Januari 2017 jamii yote hiyo iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, yaani kuvusha mpaka kunataka kibali, ingawa toka mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zinasamehewa, na vyombo vya muziki vilivyokamilika pia. Mwaka 2022 wakaongeza Pterocarpus, Afzelia na Khaya za Afrika, ndio ukoo wa mninga, mkongo na mkangazi hao. Mteja wa nchi nyingine akikutafuta, ulizia kwanza ofisi ya misitu ya kwako na ya kwake, usije ukatuma kitu kikazuiliwa njiani. Na kila ununuzi tunza risiti inayosema ni mti gani umetoka kwa nani. Risiti hiyo ni ulinzi wako, na pia ni maneno ya kumwambia mteja, watu wanapenda kujua mti wao ulikuwa wapi.

HATUA YA 3: Chagua kitu kimoja

Kimoja kweli. Najua kichwani una kitanda, meza ile yenye "mto" wa resini katikati, kiti cha kunesa na saa ya ukutani. Weka pembeni.

Bidhaa ya kuanzia iwe na sifa hizi: inashikika mkononi, mbao yenyewe ndio pambo (sio rangi, sio nakshi ngumu), mtu anaweza kumnunulia mwenzake zawadi bila kupima mlango wake, unaimaliza chini ya masaa matatu, na ikiharibika umepoteza kipande sio ubao. Kibao cha kukatia jikoni, mwiko, kitana, kasha dogo, kalamu ya kukerezwa, pete, kishikio cha simu. Mimi kitana ndio kilinitoa. Nilikidharau mwanzoni, nikaona kitu gani hiki, lakini kitana cha mbao nzito iliyong'arishwa mtu akikishika hataki kukirudisha mezani.

Meza na vitanda waachie wenye nafasi na mashine kubwa, ubao mmoja wa meza unaweza kukutolea vitana 40, na kwenye meza unashindana na kiwanda wakati kwenye kitana unashindana na plastiki tu.

Ukishachagua, tengeneza 10 bila kuuza hata kimoja. Cha kwanza kitakuchukua siku nzima. Cha kumi utashangaa. Andika muda wa kila kimoja kwenye daftari, kuanzia kuchagua kipande mpaka kufuta mafuta ya mwisho, usiruke hata dakika za kutafuta patasi iliyopotea chini ya maranda. Hizo namba ndio zitakupangia bei huko mbele.

HATUA YA 4: Vifaa, na jinsi ya kubaki na vidole vyote

Kwa kuanzia: msumeno mzuri wa mkono wenye meno madogo, randa moja, patasi mbili tatu, skwea, jiliwa ya kufunga kwenye meza, klempu kadhaa (klempu huwa hazitoshi hata siku moja, we nunua tu kila ukipata nafasi), keekee ya umeme, tupa na msasa. Basi. Pesa iliyobaki weka kwenye kinoo. Patasi ya bei ndogo iliyonolewa vizuri inaishinda ya bei kubwa butu, na kwenye mbao ngumu patasi butu ndio inayojeruhi maana unaisukuma kwa nguvu halafu inateleza. Noa pembe ya nyuzi 25, kwenye ncha kabisa ongeza kidogo iwe 30, anza na jiwe namba 1000 malizia 6000, halafu pitisha kwenye kipande cha ngozi. Ikikata nywele za mkono bila kuvuta, iko tayari.

Mashine ya kwanza inunuliwe na daftari. Namaanisha hivi: angalia muda wako unaishia wapi. Kama nusu ya muda ni kupasua, msumeno wa mkanda. Kama ni kupiga msasa, mashine ya msasa. Watu wananunua mashine ya kukereza kwa sababu kwenye video maranda yanaruka vizuri halafu bidhaa yao wala haina kitu cha duara.

Usalama sitaufupisha. Vumbi la mbao shirika la utafiti wa saratani la IARC lililiweka kundi la 1 mwaka 1995, kundi la vitu vinavyojulikana kabisa kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Na vumbi baya ni lile laini usiloliona linaloelea baada ya kumaliza msasa, wakati ushavua barakoa unajipongeza. Vaa barakoa ya kuchuja vumbi, ile inayobana usoni, kitambaa hakisaidii, pigia msasa nje au penye upepo unaotoa vumbi, na usivue mpaka litulie. Jamii ya mpingo pia inawasha ngozi na macho ya baadhi ya watu, ukiona vipele usijikaze. Kwenye mashine yoyote inayozunguka usivae glovu, mikono mirefu, mkufu wala nywele zilizoachwa. Glovu unaona zinakulinda, kumbe ndio zinaukabidhi mkono wako kwa mashine.

Kuna hatari ya moto pia, nitaieleza huko kwenye mafuta, usiruke.

HATUA YA 5: Tengeneza kwa mafungu

Hapa ndio mpenda mbao anageuka mfanyabiashara, na hapa ndio panauma kidogo. Ukitengeneza kimoja kimoja kila kimoja kinakuwa mtoto wako, unakibembeleza. Ukitengeneza 12 kwa pamoja unakata vyote 12, unachora vyote, unatoboa vyote, unapiga msasa vyote. Muda wa kupanga mashine na kubadilisha msasa unaulipa mara moja badala ya mara 12.

Tengeneza kiolezo cha plaiwudi cha umbo lako na vishikizo vya kuongoza msumeno na keekee, tumia hata wikendi nzima kwenye hicho kiolezo, kitakurudishia. Ukipanga mikato kumbuka msumeno nao unakula, milimita 3 hivi kila mkato kwa msumeno wa mashine, ukikata ubao vipande 12 mikato ni 11, zimeshaenda milimita 33, karibu kipande kizima. Kwenye hesabu ya mbao jumlisha asilimia 30 ya hasara, ufa uliojificha, fundo lililokaa vibaya, na siku mbaya tu ya mkono wako.

Unapopanga vipande usilaze kiolezo popote panapotosha. Angalia nyuzi zinakwenda wapi. Meno ya kitana lazima yafuate urefu wa nyuzi, ukiyakata kuzikingama yatavunjika siku ya kwanza. Shingo ya mwiko vile vile. Na hapa jicho lako la mapenzi ndio lifanye kazi: kipande chenye mchirizi mzuri kisukume kikae mahali pa kuonekana, hata kama unapoteza sentimita mbili. Hiyo hasara inalipa.

Gundi nyeupe ya maji inatosha kazi nyingi za ndani, bana saa moja, usiipe mzigo mpaka saa 24 zipite. Mbao zenye mafuta kama msaji na mpingo zinaikataa gundi, futa sehemu ya kuunga kwa asetoni kisha paka gundi hapo hapo kabla mafuta hayajapanda tena juu.

HATUA YA 6: Finishi

Finishi nzuri inaanza kwenye msasa. Namba 80, halafu 120, 180, 240, usiruke. Ukiruka, mikwaruzo ya 80 inabaki imejificha mpaka siku unapaka mafuta, ghafla yote inajitokeza kama makovu na inabidi urudi mwanzo. Kwa vitu vitakavyooshwa, ukifika 240 lowesha kwa kitambaa, acha vikauke, utaona vinyoya vimesimama, vipitie tena taratibu na 240. Mteja akija kuviosha havitasimama tena sana.

Vitu vya jikoni paka mafuta ya madini yasiyo na rangi wala harufu, yale ya famasi, au changanya sehemu 4 za hayo na sehemu 1 ya nta ya nyuki, pasha kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto (usiweke moja kwa moja kwenye moto). Mafuta ya kupikia usipake, yanachacha, baada ya wiki kadhaa kibao kinanuka. Makasha na vitu vya mapambo mafuta ya kitani au ya tung yanatoa rangi ya ndani ya mbao kuliko kitu chochote, ila yanakauka taratibu, paka laini, futa yote baada ya dakika 15, rudia kesho. Vanishi ngumu ya plastiki mimi siipendi kwenye mbao nzuri, unakuwa umeiweka nyuma ya kioo, lakini kwa kitu kinachomwagikiwa maji kila siku inabidi.

Sasa moto. Matambara yenye mafuta ya kitani au ya tung ukiyakunja ukayatupa kwenye ndoo au mfuko yanaweza kuwaka yenyewe. Hakuna kiberiti wala cheche. Mafuta hayo yanakauka kwa kuungana na hewa na yanatoa joto yakifanya hivyo, kitambaa kikiwa kimekunjwa joto halina pa kwenda, linapanda mpaka linawasha. Yatandaze moja moja nje mpaka yakauke yawe magumu, au yazamishe kwenye kopo la chuma lenye maji. Kila siku. Hata ukiwa umechoka.

HATUA YA 7: Bei

Watu wengi wanaangalia jirani anauza ngapi wanashuka kidogo. Hiyo ni njia ya kufanya kazi bure kwa bidii sana.

Fungua daftari. Natumia namba tupu, weka fedha yako mwenyewe. Mbao 40, ongeza ile hasara ya asilimia 30 inakuwa 52. Msasa, gundi, mafuta, karatasi ya kufungia 8. Jumla 60. Muda masaa 2 na nusu, pamoja na kupiga picha na kujibu meseji za mteja, na umeamua saa yako ni 40, kwa hiyo 100. Gharama za mwezi za umeme, eneo, kunoa na vifaa kuchakaa 300, unatengeneza vitu 30 kwa mwezi, kila kimoja kibebe 10. Imekuwa 170. Hiyo bado sio bei. Hiyo ni pale ambapo huna faida wala hasara na umejilipa kama kibarua wako mwenyewe. Ongeza faida ya biashara asilimia 20, ni 34, tunafika 204.

Sasa unataka kuweka bidhaa kwenye duka la zawadi na duka linachukua asilimia 40 ya bei ya kuuzia. Hapa ndipo watu wanapoangukia. Wanachukua 204 wanaongeza asilimia 40 wanapata kama 286, wanaona wamemaliza. Duka linakata asilimia 40 ya 286, unabaki na 171 na kitu, faida yote imeyeyuka. Hesabu sahihi ni 204 gawanya kwa 0.6, unapata 340. Duka linachukua 136 unabaki na 204 yako. Na ukiuza mwenyewe mkononi uza 340 hiyo hiyo, ukimuuzia mtu kwa 204 nyuma ya mgongo wa duka, duka likijua litakurudishia vitu vyako na lina haki.

Kama 340 ni kubwa kuliko watu wanavyoweza kulipa, usikate kwenye saa yako kwanza. Rudi hatua ya 5 punguza muda, au badilisha bidhaa.

HATUA YA 8: Oneshea watu

Picha: karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavuni, zima flashi kabisa. Mwanga wa ubavuni ndio unaoamsha nyuzi. Piga moja kitu peke yake, moja mkononi ili ukubwa uonekane, moja ya karibu kabisa ya mbao. Uongo wa rangi usiweke, mteja akipokea kitu chekundu kuliko alichoona atakurudishia.

Maelezo yawe na mti gani, ulitoka wapi, vipimo, umepakwa nini, unatunzwaje. Mstari wa utunzaji ni muhimu, "osha kwa mkono, usiloweke, usianike juani, paka mafuta ukiona pamepauka" inakuepushia nusu ya malalamiko. Na sema ukweli kwamba kila kipande kitatofautiana, watu wakiambiwa mapema wanafurahia, wakigundua wenyewe wanalalamika.

Wateja wa kwanza ni watu wanaokujua, halafu wanaowajua wao. Maonyesho ya mikono na masoko ya wikendi yana faida moja ambayo simu haina, mtu anashika. Acha kimoja mezani kwa ajili ya kushikwashikwa tu. Leseni na kodi kila nchi ina utaratibu wake, ulizia mapema biashara ikiwa bado ndogo.

HATUA YA 9: Oda maalum

Zitakuja, na utatamani kusema ndiyo kwa kila kitu. Andika kwenye karatasi au hata meseji: mti, vipimo, finishi, tarehe, bei. Chukua advansi nusu kabla hujakata. Asiyetaka kutoa advansi hajaamua bado, na ubao ukishakatwa kwa vipimo vyake haurudi. Tarehe unayoidhania ongeza theluthi yake. Mtu akikuletea picha ya kazi ya fundi mwingine anataka ile ile, mwambie utamtengenezea ya kwako yenye matumizi yale yale.

Kufungasha: karatasi inayopumua, sio nailoni iliyobana, mbao ikitoa unyevu kidogo ndani ya nailoni inaota ukungu. Kama unatengeneza kreti ya mbao kwa kutuma nje ya nchi, hiyo kreti yenyewe inatakiwa iwe imetibiwa na kugongwa muhuri kwa kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia inayoitwa ISPM 15, kiini cha mbao kifike nyuzi joto 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Boksi la karatasi ngumu halina masharti hayo, nyepesi pia.

HATUA YA 10: Rafu mbili

Hela ya biashara ikae peke yake hata kama ni kwenye bahasha. Kila unapouza, ile sehemu ya mbao (ile 52 ya kwenye mfano wetu) inarudi kununua mbao kabla haijageuka kitu kingine.

Halafu stoo gawa rafu mbili. Rafu kubwa ni mbao za kazi, kila ubao umeandikwa kwa chaki tarehe ulioingia, na uliokaa zaidi ya mwaka baada ya kukauka unakatwa, hata kama ni mzuri, hata kama roho inauma. Rafu ndogo ni ya kwako, mbao zisizouzwa, za kushika jioni ukimaliza. Ya kwangu inaingia mbao tano tu. Ya sita ikija, moja ya zile tano inahamia rafu ya kazi. Wiki iliyopita ilihamia mkongo mmoja niliokuwa nao muda mrefu, umetoa vibao vya kukatia saba na vipini viwili vya patasi, kipini kimoja nimebaki nacho.